Nyota Juu ya Msimbazi

Si desturi ya mtu wa Msimbazi kutazama juu. Mtaa huu hudai macho yake yawe chini au mbele wakati wote: mkokoteni unapita kushoto, pikipiki inapita kulia, mchuuzi ametandaza viatu juu ya turubali, na mwenye kusahau mfuko wake hurudi nyumbani bila ya fedha. Usiku taa za maduka na za maghorofa huwaka kiasi cha kuzifukuza nyota ndogo zote. Hata hivyo nathubutu kusema ya kuwa misingi ya elimu ya nyota yaweza kufundishwa papa hapa, baina ya Mnazi Mmoja na bonde la Jangwani, kwa Kiswahili na bila ya darubini. Nasema hivi kwa sababu wako vijana werevu katika mtaa huu ambao, baada ya kuikuta elimu hiyo sekondari kwa Kiingereza, hudhani ya kuwa lugha ya mama zao haikupata kuwa na neno lake.

Tuanze na jua, maana halifichwi na taa. Jua ni nyota, tena nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Nuru yake hutufikia kwa muda wa dakika 8 na kitu. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, likielekea kaskazini, na kama tarehe 10 Oktoba, likirudi kusini. Jambo hili London halitokei kamwe. Atakaye kulihakikisha na asimamishe fimbo iliyonyoka mahali palipo sawa, akingoje kivuli chake kitoweke. Asishike saa sita kamili, atakosa. Katika Machi kivuli hutoweka kiasi cha saa sita unusu, na katika Oktoba saa sita na dakika 10 hivi. Saa zetu zimewekwa kwa kufuata jua la longitudo ya 45, ipitayo karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi yake. Aidha dunia haiendi kwa mwendo mmoja katika njia yake ya kulizunguka jua.

Mwezi hauna nuru yake. Huazima ya jua. Lugha yetu imeupa jina moja na kipimo cha siku 29 au 30, na wauza nguo wa Kariakoo huujua uhusiano huo kuliko waalimu wengi, kwa kuwa biashara yao ya Idi hutegemea kuandama kwake. Mwezi mwandamo ukionekana jioni upande wa Magomeni hulala chali kama dau, ncha zote mbili zikielekea juu. Vitabu vingi huuchora umesimama wima, kwa sababu wachoraji wake walikaa mbali na Ikweta. Mtoto wa hapa aamini jicho lake kabla ya picha.

Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipita baina yetu na jua. Kule Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, watu waliona pete ya moto, maana siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia na haukutosha kulifunika jua lote. Hapa mjini tulipata sehemu tu. Watu walionywa, kwa haki, wasilitazame jua kwa macho matupu; lakini muuza vyombo mmoja alikuwa na kifaa kilicho salama kuliko vyote bila ya kukusudia. Chini ya machujio yake ya bati yaliyotundikwa, kila tundu lilitupa ardhini jua dogo lililomegwa, mfano wa mwezi mwandamo, na wanunuzi waliinama kuyatazama.

Sasa nafika penye shida. Nyota hung'aa kwa moto wake. Sayari huzunguka jua na kung'aa kwa nuru ya kuazima. Sayari ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kiendacho. Mwarabu wa leo huliita gari kwa neno hilo hilo, na mtu wa Msimbazi, akoseshwaye usingizi na magari, asione ajabu. Tano kati yake huonekana kwa macho, na mabaharia wa pwani walikuwa na majina yake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, basi wazee hawakuwa na majina yao, wala si aibu. Aibu ni kuhamisha majina yenye wenyewe. Nimeona daftari la mwanafunzi ambamo Zohali ilipewa nafasi ya Uranus, na mahali pake pakashikwa na Sarateni, ambayo ni kaa, jina la kundi la nyota. Babu yake, aliyepata kusafiri kwa jahazi, alimwonyesha barazani nyota ya rangi ya manjano isiyometameta. Mtoto akasema, "Babu, Zohali haionekani kwa macho, imeandikwa." Mzee akajibu, "Mjukuu wangu, mimi nimesafiri nayo." Mzee alikuwa na haki na mtoto hakuwa na kosa, lakini tangu jioni ile hakuuliza tena habari za nyota, na babu hakumwita tena kumwonyesha. Mwenye kutunga istilahi afaa kwanza kuuliza barazani.

Kimondo tukipite upesi: ni jiwe la angani liwakalo likipenya hewa yetu, si nyota iangukayo. Lile la Mbozi, lenye uzito wa tani 16 hivi, ni la chuma hasa.

Imebaki Kilimia, kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Wahenga walisema ya kuwa kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na hesabu yao ni sahihi: jua huonekana kukipita katika Mei, masika ikiishilia, nacho hurudi alfajiri upande wa mashariki katika Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Katika Desemba kitafutwe baina ya saa tatu na saa tano usiku, juu upande wa kaskazini. Taa zikiwaka huonekana kama doa la ukungu, pengine kisionekane kabisa. Umeme ukikatika, pandeni juu ya paa pamoja na watoto kabla jenereta za jirani hazijawashwa. Mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita.