Chujio la Uduvi

Msomaji, usicheke ukisikia kwamba nalifuga uduvi Kitale, mbali na bahari. Ni artemia, viumbe wadogo wa maji ya chumvi, chakula cha vifaranga wa kambare wa ndugu yangu kule Bungoma. Katika kila lita ya maji nalitia gramu 30 za chumvi. Tangi nikaliweka karibu na jiko kwa ajili ya baridi. Mayai yakaanguliwa.

Maji yalipochafuka, nalifunga pampu yenye nguvu. Kulipokucha yalikuwa maangavu kama kioo, lakini uduvi wote walikuwa wamefyonzwa. Vifaranga wengi wakafa njaa.

Sasa natumia sifongo: mapovu ya hewa huvuta maji humo taratibu, uchafu hunaswa, uduvi husalimika. Kumbuka, usafi usio na kiasi huweza kumwangamiza asafishiwaye.