Nani Anaangalia Kompyuta?

Wasee, kuna siku nilidhani nimefika mwisho, na mkanda wa kiti bado kiunoni. Mimi na mamangu tulikuwa tunaenda Mombasa, safari yake ya kwanza kwa ndege. Nishaanza kuona minazi, magurudumu yashatoka, mara injini zikanguruma tukapaa tena. Mama akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Usijali, mum, hiyo ni kompyuta inafanya," nikamwambia.

"Na kompyuta nani anaiangalia?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba sikujua kitu.

Baadaye nikasoma. Kumbe kwenye ndege nyingi kubwa, rubani akighairi kutua anabonyeza swichi. Mfumo unaongeza nguvu za injini na kumwonyesha ainue pua kiasi gani. Akishahakikisha ndege inapanda, magurudumu yanakunjwa. Rahisi, si ndio?

Sasa skiza. Tarehe 3 Agosti 2016, Boeing 777 ya Emirates ilikuwa inatua Dubai na watu 300 ndani. Magurudumu yaligusa lami, lakini mbele sana, rubani akaamua kurudi juu. Swichi ikabonyezwa. Shida ni kwamba kwenye 777 magurudumu yakishagusa chini, swichi hiyo haifanyi kazi. Imeundwa hivyo makusudi. Ilibidi nguvu ziongezwe kwa mkono. Ndege ikainuka kidogo, magurudumu yakakunjwa, na injini bado zimetulia tu. Kuja kusukuma leva, zilikuwa zimebaki sekunde chache sana. Ndege ikagonga lami na kuwaka moto. Wote 300 walitoka hai, lakini zimamoto mmoja alikufa akiwa kazini.

Hicho ndicho kitu kilinikosesha usingizi. Swichi haikuwa mbovu. Mkono ulibonyeza, akili ikaamini kazi imeisha, na kwa hizo sekunde hakuna aliyeangalia kama injini zimeitika.

Na si marubani peke yao. Sisi pia tunabonyeza tu na kuendelea na maisha. Mamangu akituma pesa kwa simu, haiweki chini mpaka asome jina la aliyepokea, herufi kwa herufi. Nilikuwa namcheka sana, ati mambo ya kizamani.

Siku hizi simcheki. Kwenye ile ndege, swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu langu.