Somo la Chupa

Novemba 1978, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza kwamba tutampiga nduli Idi Amin, vijana wa Ivuna tulikusanywa kufundishwa umgambo. Kagera aliyoivamia ilikuwa mbali nasi, ncha nyingine ya nchi, lakini vita ilikuwa ya Watanzania wote. Bunduki hazikutosha, kwa hiyo wengi tulipiga kwata na magongo begani, kwenye jua kali la bonde la Rukwa.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyepigana Burma mwaka 1944. Siku moja akaagiza mkokoteni wa ng'ombe usukumwe hadi katikati ya uwanja.

"Hicho ni kifaru," akasema.

Akachukua chupa ya bia iliyojaa maji, akaivurumisha. Ikapasukia ubaoni, maji yakapenya kwenye kila ufa.

"Moto nao hupenya hivyohivyo. Waliomo ndani watatoka wenyewe."

"Afande, na nikikosa shabaha?" mmoja wetu akauliza.

"Basi uwe na mbio."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akatusimulia habari za Wafini, watu wa Finland, nami mengine nikaja kuyasoma ukubwani. Kabla yao, mwaka 1936 nchini Hispania, askari wa Jenerali Franco walikabili vifaru vya Kisovieti kwa chupa za petroli. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti ukaivamia Finland. Waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, Molotov, akadai kwamba ndege zao hazidondoshi mabomu bali chakula cha wenye njaa. Wafini, wenye silaha chache za kuzuia vifaru, wakajibu kwa kejeli: ikiwa Molotov analeta mkate, wao watampa kinywaji cha kuuteremshia. Kampuni ya pombe ya serikali ikajaza chupa kwa mamia ya maelfu, na jina la Molotov likaganda kwenye silaha iliyounguza vifaru vya nchi yake.

Sisi vijana tuliipenda hadithi hiyo, kwa kuwa mdogo alimtia adabu mkubwa. Lakini historia ya kwetu inasimulia moto kwa namna nyingine. Wakati wa vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Huo haukuwa moto wa mnyonge.

Mwaka 1980, vita ya Kagera ikiwa imekwisha, mkataba wa kimataifa ulipitishwa Geneva kupiga marufuku kuwashambulia raia kwa silaha za moto. Umri huu nilionao, nawaambia wajukuu wasiione chupa ile kuwa ushujaa. Wafini walilinda nchi yao dhidi ya vifaru. Anayeirusha kwenye duka au nyumba ya jirani yake halindi chochote; huyo ni mchomaji tu, na sheria imkamate.