Tundu Dogo Kwenye Seli

Sifongo ni mnyama. Nyumbani hawajakubali bado. Kwao ni kitu cha kuogea. Lakini ni mnyama asiye na miguu ya kukimbilia, wala meno, wala ganda la kujifichia. Maisha yake yote anakaa juu ya mwamba akivuta maji na kuyachuja. Wengi wao wangekuwa wameliwa zamani kama wasingekuwa na sumu.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu sehemu moja ya sumu hiyo: protini zinazotoboa seli. Seli imezungukwa na utando wa mafuta unaochagua nini kiingie na nini kitoke. Potasiamu nyingi hukaa ndani, sodiamu nyingi nje. Protini hizi hujipachika kwenye utando na kufungua tundu. Ioni zinapita ovyo, maji yanafuata, seli inavimba na kupasuka. Maabara tunaliona kwa damu ya mbuzi kutoka machinjioni. Chembe nyekundu zilizooshwa kwa maji ya chumvi huwa kama ukungu ndani ya mrija. Sumu ikifanya kazi, ukungu unatoweka na kubaki wekundu mwangavu, kama juisi ya rosela. (Tangu nianze kazi hii, juisi hiyo siinywi.)

Mfano ninaoupenda ni wa Theonella swinhoei, sifongo ambaye watafiti wa Japani walimkuta na sumu inayoitwa politeonamidi. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 48, mfupi mno hata kuitwa protini ni kuupa heshima. Unajikunja kama springi na kuwa mfereji ndani ya utando. Mwaka 2012 ilibainika kwamba jeni zinazoutengeneza si za sifongo. Ni za bakteria wanaoishi ndani yake. Mwenye nyumba anaogopwa kwa silaha za mpangaji.

Mwaka jana dada yangu alianza kutibiwa saratani ya damu. Kwenye orodha ya dawa zake niliona sitarabini, nikasimama pale kaunta ya dawa kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Werner Bergmann alieleza kemikali za ajabu kutoka kwa sifongo wa bahari ya Florida. Zilifanana na vipande vya DNA, ila sukari yake ilikuwa tofauti. Kwa kuiga wazo hilo wanakemia walitengeneza sitarabini, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1969. Si protini na haitoboi kitu. Seli inayojinakili huichukua ikidhani ni kipande chake, na kazi inakwama. Lakini nywele nazo hukua kwa seli kujigawa, na ngozi ya mdomoni vilevile. Dada alikuwa na vidonda mdomoni, akila uji uliopoa.

"Na hiyo yako itakuwa dawa lini, mdogo wangu?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno tunayoandika kwenye maombi ya ufadhili, yale ya "uwezekano mkubwa". Nilimwambia kwamba pengine haitakuwa. Sitarabini angalau husubiri seli ijigawe; tundu halisubiri. Linaua seli mbovu na nzima, ya mtu na ya mbuzi. Wapo wanaojaribu kufunga sumu za aina hii kwenye kingamwili ili zielekezwe kwenye uvimbe peke yake, lakini hiyo ni safari ndefu, naye alikuwa akihesabu kwa wiki.

"Kwa hiyo unasoma sumu tu."

"Ndiyo, dada."

Akafikiri kidogo, akaniomba picha ya yule sifongo wa Florida. Nikamwonyesha kwenye simu: bonge lililofunikwa mchanga.

"Sura mbaya hivi," akasema, akageukia ukutani kulala. Dripu ilikuwa imebaki nusu.