Kikombe cha Mama Kwenye Mizani

Kikombe cha bati alichoniachia mama hubeba gramu 300 za maji. Sukari hubeba gramu 250, mafuta ya kupikia 275. Unga wa ngano uliochekechwa na kumiminwa taratibu, gramu 145. Kikombe hichohicho ukikizamisha kwenye mfuko wa unga na kukiinua kimejaa, 175. Namba hizi nimezibandika ukutani jikoni kwangu hapa Lundo, kando ya ziwa, na ninazitolea ushuhuda, maana zimeigeuza kazi yangu.

Nakaanga maandazi ya kuuza. Wavuvi wakirudi alfajiri na dagaa wanataka chai ya moto na kitu cha kushika tumbo. Nyuma yao wanakuja watoto wa shule. Kwa miaka mingi nilikanda kama mama: unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira, maji mpaka mkono ukubali. Nilipochukua mabinti wawili wanisaidie, maandazi yakawa ya aina mbili. Ya mmoja yanavimba, mepesi. Ya mwenzake yanakaza mpaka wateja wanauliza kulikoni. "Mama, nimeweka vinne vilevile," kila mmoja aliapa, na wote walisema kweli. Mmoja alichekecha kwanza, mwingine alichota moja kwa moja mfukoni. Kwa vikombe vinne walipishana gramu 120, na hakuna aliyezembea.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mmoja wa sayansi, mteja wangu wa asubuhi. Mizani sikuwa nayo. Akaomba fimbo iliyonyooka, akaifunga kamba katikati na kuining'iniza kwenye boriti. Kila ncha akatundika bakuli la plastiki, akawa anaisogeza kamba kidogo kidogo mpaka fimbo ikalala sawa. Bakuli moja akaweka chupa ya nusu lita iliyojaa maji. La pili akaweka chupa tupu ya aina ileile, ili uzito wa chupa usihesabiwe, kisha akamimina unga pembeni yake. Fimbo ilipolala sawa akasema, "Mama, hiyo ni nusu kilo." Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa sababu Wafaransa mwaka 1795 waliiweka gramu moja kuwa uzito wa maji ya sentimita moja ya ujazo. Tukaziondoa chupa, tukaugawa unga uleule kwenye mabakuli mawili hadi fimbo ikatulia: robo kilo kila upande. Tukagawa robo moja tena: gramu 125. Nilifurahi mno. Ziwa lote lile mbele ya nyumba yangu, kumbe ni mawe ya mizani!

Baadaye nilinunua mizani ndogo ya betri Mbinga, nikapima kila alichopima mama kwa kikombe. Wapo waliosema namfuta mama kwa namba. Siwaungi mkono. Mama hakuandika popote. Alichokijua kilikaa mkononi mwake, kisha mkononi mwangu, basi. Mpwa wangu aliyeolewa Songea hana kikombe kile. Nilimtumia ujumbe wa simu: unga gramu 580, sukari 125, na mengineyo. Mumewe, mzaliwa wa hapa, alipoonja aliuliza kama shangazi amefika.

Maji bado nayaachia mkono. Unga wa masika umeshakunywa unyevu wa hewa, unataka maji machache kuliko wa kiangazi, na mizani haiwezi kukuambia hilo. Mabinti nawafundisha yote mawili, uzito kwanza, mkono baadaye, na ugomvi wa nani kashindilia umekwisha.

Sasa nimeanza kupima unga wa muhogo, ambao nauchanganya kidogo bei ya ngano ikipanda. Huo ni mgumu: kila anayetwanga ana unga wake, mwingine laini, mwingine wa chenga, na kikombe hakiujazi kwa uzito mmoja. Akina mama wenzangu wenye mapishi ya bakuli na makopo, njooni nayo jioni nikimaliza kuosha vyombo. Kila mtu aje na chombo chake kilekile anachopimia, kabla hakijatoboka.