Nilikimbia vumbi, kumbe nalibeba mwenyewe

Mwenzenu mimi ni mtoto wa Dar. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Tabata, na mpaka nafika miaka 31 sikuwahi kulala mahali ambapo usiku husikii kitu. Kwetu sisi usingizi ni usingizi tu, hata kama jirani ana harusi na nyumba ya pili kuna baa. Mtu angeniambia kwamba iko siku nitazunguka mji mzima na dalali natafuta kimya, ningemcheka mpaka machozi.

Lakini ya Mungu mengi. Mwaka 2019 ofisi yetu ikahamia Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, wengi wetu hatujazaliwa, tukauzoea kama hadithi ya sungura na fisi. Julai 2016 Serikali ikatangaza kwamba safari hii hakuna utani, Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na sisi tukafuata na magodoro yetu.

Wenzangu ofisini walinuna. Mimi nilifurahi, na nilikuwa na sababu. Binti yetu, wakati huo ana miaka 4, ana pumu. Tabata kila masika ukuta wa chumba unaota ukungu, nje moshi wa foleni, na si mara moja wala mbili tumekimbia na bajaji usiku wa manane, mtoto kifuani analia kama filimbi. Basi nikamwambia mama yake, "Kule mji uko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa kavu, hakuna ukungu. Mtoto atapumua."

Akaniangalia tu. "Haya baba, wewe si ndo unajua."

Kha! Kumbe nilichokuwa sijui ni hiki: hewa kavu na hewa safi ni ndugu, lakini si mapacha.

Tulifika Julai. Tukapanga uswahilini, karibu na katikati ya mji, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na daladala ziko mlangoni. Mbele ya nyumba kuna barabara ya udongo, pembeni kuna mashine ya kusaga, nyuma kuna baa ambayo Jumamosi inafungwa Jumapili. Ukifuta meza asubuhi, saa nane mchana unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Wiki ya tatu, usiku wa saa saba, filimbi ile ikaanza tena, na safari hii midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Nilimbeba mgongoni mpaka barabara ya lami ndipo nikapata bodaboda. Njia nzima sikuongea. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Daktari wa zamu, kijana mpole tu, alipomtuliza mtoto akaniuliza maswali matatu. Mnapikia nini? Mkaa. Barabara yenu ikoje? Udongo. Dirisha la mtoto linaangalia wapi? Barabarani. Akatikisa kichwa. "Kaka, pumu haiponi kwa kuhama mji. Inatulizwa kwa dawa anayopewa bila kuruka siku, na kwa kumweka mbali na vinavyoichokoza. Wewe umemlaza katikati yake."

Yale maneno yaliniuma kuliko bili.

Nikaanza kusoma mambo ya hewa kama mwanafunzi wa mtihani. Kumbe Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005 lilishasema chembe ndogo kabisa za hewani, zile zinazofika mpaka ndani ya mapafu, zisizidi wastani wa mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, na baadaye, mwaka 2021, likakaza kamba mpaka 5. Na Dodoma yenyewe nikaielewa. Mvua yake haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, inanyesha Desemba mpaka Aprili, halafu basi. Miezi iliyobaki ardhi iko uchi, na upepo unatoka mashariki na kusini mashariki, ukipamba moto Agosti mpaka Oktoba. Weka juu yake ujenzi. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu laki 4 na ushee, ya 2022 likafika laki 7 na elfu 65. Hao wote wanataka nyumba, na kila nyumba inaanza na kukwangua udongo.

Basi nikamtafuta dalali. Msomaji, dalali wa Dodoma hana tofauti na wa Dar, isipokuwa huyu anakutembeza juani zaidi. Neno lake lilikuwa moja: "Bosi, pale pametulia kama peponi."

Pepo ya kwanza ilikuwa Nzuguni. Nyumba safi, marumaru chini, ila sio mbali na stendi kuu ya mabasi, na mimi nilishasikia honi za kutosha maishani. Pepo ya pili, Mkonze. Pametulia kweli, nikaanza hata kutabasamu, mara pua ikaniwasha. Nikazunguka nyuma ya ukuta, lo! Tanuri la matofali linafuka moshi mzito. "Hilo wanachoma siku mojamoja tu bosi." Pepo ya tatu, Iyumbu, upande wa Chuo Kikuu. Nyumba za kupendeza, mitaa imepangwa. Nikauliza kodi, nikaambiwa na miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Nikaomba maji ya kunywa.

Katika mahangaiko hayo nikajifunza jambo ambalo nawapa bure. Nyumba usiiangalie mara moja. Nenda saa nane mchana uone upepo unabeba nini. Nenda Jumamosi usiku usikie jirani anapenda muziki gani. Nenda alfajiri, saa kumi na moja, uone nani anawasha jiko la nini. Halafu uliza upepo unatokea wapi, na ukae upande unaotokea, sio upande unaokwenda. Dalali hatapenda. Mwache asipende.

Mwisho tukapata Ntyuka, kusini mwa mji, kule kwenye vilima. Nyumba ndogo ya vyumba vitatu, haina marumaru wala geti la kifahari. Lakini mibuyu iko pale, migunga iko pale, magari ya kuhesabu, na upepo wa kusini mashariki unakufikia kabla haujapita mjini. Niliikagua mara tatu. Usiku ule wa Jumamosi nilisimama uani nikasikia mbuzi mmoja anakohoa. Basi.

Mama watoto alipopaona, mikono kiunoni. "Mume wangu, umenileta porini. Maji yako wapi?" Kweli, bomba lilikuwa halijafika, maji tunanunua kwa boza na kuyajaza kwenye simtanki. Daladala unaifuata kwa miguu. Na ofisi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita 17 hivi mashariki ya katikati ya mji, kwa hiyo naondoka giza narudi giza. Mkaa tukauacha, tukanunua mtungi wa gesi, na hapo mama watoto akanuna wiki nzima kwa sababu ya maharage. Miezi ile ya kwanza hatukuwa na amani, nisiwadanganye. Tulipata kimya cha nje, tukaleta kelele za ndani.

Lakini mtoto akalala. Wiki, mwezi, miezi miwili, filimbi hakuna. Dawa yake asubuhi na jioni, dirisha la chumba chake linaangalia kilimani. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Oktoba ikafika, na filimbi ikarudi. Si kali kama ile, lakini ilirudi.

Nilichanganyikiwa. Sasa niende wapi tena? Asubuhi yake nimekaa kibarazani, mama watoto anafagia uwanja kama kawaida ya mtoto wa Pwani, chwa, chwa, chwa, hakuna jani linalobaki. Akapita jirani yetu, mzee wa Kigogo ambaye watoto wote wa pale wanamwita Babu. Tukaamkiana, "Mbukwenyi," nikamweleza mkasa. Hakunijibu haraka. Akaangalia ufagio, akaangalia mwanga wa jua unavyopita katikati ya lile wingu jekundu, na mtoto yuko dirishani anatuchungulia.

"Mwanangu," akasema, "unalikimbia vumbi huku umelibeba mkononi. Mlipohamia hapa palikuwa na nyasi. Mmeng'oa. Mnafagia kila siku mpaka ardhi inatoa damu. Unategemea upepo ubebe nini?"

Akanisimulia ya Kondoa. Vilima vya kule vilikwisha kwa makorongo, mpaka mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. "Ardhi ilipoachwa," Babu akasema, "nyasi zikarudi. Ardhi haina kinyongo. Wewe iache tu ivae nguo."

Nilijiona mdogo kama piritoni. Nimesoma mikrogramu za dunia nzima, nimemlaumu dalali, nimelaumu mji, na ufagio uko nyumbani kwangu.

Tukauacha uwanja. Haikuwa rahisi, shemeji zangu walipokuja likizo walidhani mama watoto ni mgonjwa, nyumba ina majani! Tukabakiza njia moja tu ya kupita, tukaweka kokoto, asubuhi tunanyunyiza maji tuliyooshea vyombo. Tukapanda miarobaini minne, upande upepo unaotokea. Binti yetu sasa ni msichana mkubwa, inhela yake anaitunza mwenyewe. Mwaka jana tulikwenda hospitali kwa ajili ya kifua mara moja tu. Sisemi amepona. Nasema analala.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi kati tingatinga limefika mtaani kwetu. Ng'ambo ya barabara viwanja vimeuzwa, na kwa siku mbili migunga yote ililala chini. Nikavuka kwenda kuongea na mwenye kiwanja, nimekasirika, maneno nimeyapanga. Nikamkuta kijana anatoka Dar, ana mke na kichanga mgongoni. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Kaka, tumechoka na mji. Tumesikia huku kuna kimya na hewa safi."

Maneno yangu yote yakayeyuka. Ilikuwa kama najiangalia kwenye kioo. Waliochora ramani ya makao makuu mwaka 1976, wataalamu kutoka Canada, walitaka mji wenye nafasi za kijani katikati ya makazi. Ramani ni karatasi, msomaji. Nafasi ya kijani inaanza pale unapoamua kutokung'oa.

Nikamsalimia mkewe, nikamwuliza jina la mtoto. Halafu nikamwambia, "Mdogo wangu, karibu sana. Ule mbuyu wa kwenye kona uache. Na kabla hujanunua ufagio, njoo nyumbani nikutambulishe kwa Babu."

Alinicheka. Mimi pia ningecheka. Lakini Jumapili alikuja.