Dawa Ruksa, Kuipata Ndiyo Kazi

Binti yangu ana kifafa cha aina iitwayo Lennox-Gastaut, kile kisichosikia dawa. Alipewa valproeti, akapewa klobazamu, akapewa levetirasetamu, na kuna kipindi tulimlisha mafuta matupu bila wali wala mkate kwa maagizo ya hospitali. Bado alianguka. Alivaa kofia ngumu hata mezani, nami sikutoka bila midazolamu, ile ya kumtilia ndani ya shavu akishikwa muda mrefu. Jamaa kule Mombasa walisema ni jini. Sikuwalaumu, maana mimi hapa Leicester sikuwa na jibu la kuwapa.

Mwaka 2018 Uingereza nzima iliwazungumzia watoto wawili wenye kifafa. Mwezi Juni, mama yake Billy Caldwell alinyang'anywa mafuta ya bangi ya mwanawe uwanja wa Heathrow, akitokea Kanada. Mtoto akazidiwa, akalazwa, na waziri wa mambo ya ndani, Sajid Javid, akatoa kibali cha dharura. Hannah Deacon naye alikuwa amehamia Uholanzi kwa muda ili mwanawe, Alfie Dingley, atibiwe, kisha akarudi kuibana serikali mpaka kibali kikatoka. Tarehe 1 Novemba sheria ikabadilika: daktari bingwa akaruhusiwa kuandika dawa za bangi. Nikapiga simu nyumbani.

"Bangi?" Mama akashtuka. "Mwanangu, umekwenda Ulaya kumvutisha mjukuu wangu bangi?"

Nilimweleza kuwa ni mafuta, hayavutwi. Hakutulia mpaka alipomuuliza ustadhi wa mtaani, akajibiwa kwamba dharura ya ugonjwa ina hukumu yake. Tangu hapo yeye ndiye wakili wangu katika ukoo mzima, na ole wake atakayenisema.

Wakili wa aina hiyo ningemhitaji hospitalini. Daktari alinisikiliza kwa adabu, akasema sheria inamruhusu, ila ushahidi haujatosha. Miongozo ya Novemba 2019 ya NICE, taasisi inayowaelekeza madaktari wa huku dawa zipi zitumike, ikamwunga mkono. Tulipewa Epidyolex, ambayo ni kanabidioli peke yake, kiini cha bangi kisicholevya. Ikasaidia kidogo, haikutosha. Mafuta ya mmea mzima, yenye kidogo THC, kile kiini kinacholevya, tuliyapata kwa daktari wa kulipia, kwa zaidi ya pauni elfu moja kila mwezi. Mume wangu huendesha teksi. Dhahabu yangu ya harusi ilikwenda kwanza, kisha tukachangiwa na watu wa msikitini.

Hakupona, na anayeahidi kuponya kifafa hiki kwa mafuta nisingemwamini. Lakini usiku ukawa usiku, tukalala. Asubuhi moja alishika kikombe chake cha chai mwenyewe, akachovya mahamri, akaniangalia akicheka, chai ikimtiririka kidevuni. Sikumfuta. Nilikaa tu nikimtazama.

Dawa yenyewe ilitengenezwa Uholanzi. Desemba 2020, kipindi cha mpito cha Brexit kikikaribia kwisha, tukaarifiwa kwamba kuanzia Januari vyeti vya madaktari wa Uingereza havitapokelewa tena na maduka ya dawa ya huko. Nilisimama jikoni nikiinua chupa kwenye taa, nikipima kwa macho itafika lini. Wazazi tulipiga kelele magazetini na kwa wabunge, Waholanzi wakaturefushia muda. Mimi niliyeona haya hata kuuliza bei dukani nilijikuta nikizungumza na waandishi wa habari.

Watu huniuliza kama nawatetea wavutaji. Hao wana wasemaji wao. Mimi nataka daktari bingwa wa NHS, yaani hospitali za serikali, akishaona dawa imemfaa mtoto, aiandike yeye, na gharama ibebwe na taifa kama ya klobazamu. Leo mwenye fedha anatibiwa, asiye nazo anaambiwa angoje utafiti, ilhali watoto wao wana ugonjwa mmoja. Mombasa nako hatujaenda. Sithubutu kupita na chupa ile uwanja wa ndege wa Moi, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaonana kwenye simu.

Mbunge wetu amenijibu kwa barua nzuri kwamba uamuzi ni wa daktari. Daktari alikwisha kuniambia niende kwa mbunge. Nimewaandikia wote wawili nikiomba tukutane chumba kimoja.